Chumba cha Watu Wanne

Kwa wiki mbili nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta yangu lenye safu sita: aina ya chumba, sitaha, bei, idadi ya vitanda, dirisha, kelele. Dada ndiye aliyenipa kazi hiyo. Alisema mimi ndiye msomi wa ukoo, na kazi ya wasomi ni kutengeneza majedwali. Yeye ni muuguzi hapa Houston, anafanya zamu za usiku, na akirudi asubuhi hana nguvu ya kulinganisha roshani na dirisha. Mimi nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili, na naweza kulinganisha chochote ilimradi kinanichelewesha kuandika tasnifu.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Mama alikuwa amestaafu ualimu baada ya kutimiza miaka 60, akaja kututembelea kutoka Bukoba, na Dada akaapa kwamba mama yake hatarudi bila kuonja starehe hata mara moja. Alichagua meli ya kitalii inayotoka Galveston, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka kwake, inayokwenda kisiwa cha Cozumel, Meksiko, na kurudi. Tungekuwa wanne: Mama, Dada, mtoto wake wa miaka minane, na mimi. Mtoto alikuwa ameshaambiwa kwamba melini aiskrimu hailipiwi, na tangu siku hiyo hakuwa na swali jingine lolote.

Sikujua kwamba kuchagua chumba cha meli kuna elimu yake. Chumba cha ndani hakina dirisha. Ukizima taa, mchana na usiku ni kitu kimoja. Cha nje kina dirisha kubwa lisilofunguka. Cha roshani kina mlango wa kioo na kibaraza chenye viti viwili. Juu ya hapo kuna vyumba vya wenye nazo, ambavyo sikuviingiza kwenye jedwali. Bei hutajwa kwa kichwa, lakini kwa hesabu ya watu wawili chumbani; ukilala peke yako utalipia na kitanda kisicho na mtu. Wa tatu na wa nne katika chumba kimoja kwa kawaida hulipa pungufu, ila hulala kwenye sofa inayokunjuliwa au kwenye vitanda vinavyoshushwa kutoka darini. Chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, hutikisika kidogo kuliko cha omoni, cha tezini au cha juu kabisa. Kilicho chini ya bwawa la kuogelea kitakuamsha alfajiri wafanyakazi wakiburuta viti. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki hakitakulaza kabisa.

Baada ya wiki mbili nikapata jibu. Mama na Dada wangelala kwenye chumba cha roshani, sitaha ya tisa. Mimi na mtoto tungelala chumba cha ndani, sitaha ya pili. Zawadi ingebaki zawadi, maana Mama angekaa kibarazani na chai yake akitazama bahari, na bei isingemvunja Dada mgongo. Nilimtumia jedwali. Akajibu kwa alama ya kidole gumba, kutoka wodini.

Roshani ilikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuitaja. Tulijua kwamba Babu, baba yake Mama, alikufa MV Bukoba. Kwetu jambo hilo halikuwa likisimuliwa. Lilikuwepo tu, kama tarehe ya kuzaliwa. Kila tarehe 21 Mei Mama alikwenda misa ya asubuhi, akarudi, akapika, akasahihisha madaftari. Tulijua pia kwamba hapandi meli. Tulipokwenda Mwanza tulizunguka ziwa kwa basi, siku nzima, na pale kwenye kivuko cha Busisi, abiria walipotakiwa kushuka, alitushika mikono hata tulipokuwa tumekua kiasi cha kuona aibu. MV Victoria iliporudi majini mwaka 2020 baada ya kukarabatiwa, majirani zetu wakarudia mazoea ya kulala melini na kuamkia Mwanza. Mama aliendelea na basi lake.

Kwa hiyo mimi na Dada tulidhani tunajua anachoogopa. Tulidhani ni maji. Tulidhani mtu anayeogopa maji asifungiwe mahali pasipo na dirisha, na kwamba mlango wa kioo utamtuliza. Tukapanga namna ya kumwambia, nani aanze, nani afuate akikataa.

Tulimwambia Jumapili, jikoni. Alikuwa akimenya ndizi tulizonunua duka la Wameksiko, ambazo alizionja mara ya kwanza akasema si ndizi, ila zinajitahidi.

"Mama," Dada alianza, "tumekutafutia safari ya meli."

Tukasubiri.

"Meli kubwa?"

"Kubwa sana, Mama. Ina lifti."

"Sawa," akasema, akaendelea kumenya.

Tulitazamana. Hoja zote tulizoandaa zilibaki mikononi. Kwa furaha nikaifungua kompyuta, nikaiweka kando ya maganda ya ndizi, nikaanza kumwonyesha picha. "Wewe na Dada mtalala huku juu, Mama. Hiki ni kibaraza chenu. Mimi na mtoto tutalala huku chini. Sisi hata cha ndani kinatutosha."

Kisu kikasimama.

"Umesemaje?"

"Nimesema sisi cha ndani kinatutosha. Ni cha kulala tu, Mama. Tutaokoa hela."

Mama aliweka kisu juu ya meza, akafuta mikono kwa khanga, akakaa. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jibu alilolinakili kwa mtu.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?" akauliza.

Ndipo akatusimulia, mimi wa miaka 26 na Dada wa miaka 34, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia.

Mei 1996 alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mwanza. Dada alikuwa na miaka minne. Mimi sikuwa nimezaliwa. Babu alikuwa na mtoto wa jicho na ilikuwa aje Mwanza kutibiwa. Mama alituma nauli ya daraja la pili, ili apate kitanda, kwa sababu hakutaka mzee asiyeona vizuri akeshe amebanana na mizigo. Sehemu ya fedha hiyo ilitoka kwenye mshahara, sehemu alikopa. Aliyemsindikiza Babu bandarini Bukoba, jioni ya tarehe 20, alikuwa mjomba wetu, wakati huo akisoma kidato cha pili. Walipofika dirishani Babu akakata tiketi ya daraja la tatu. Chenji akampa Mjomba, iwe ya ada. Mjomba alimkumbusha kwamba dada yake amesema daraja la pili. Babu akajibu kwamba yeye ni mtu mmoja tu, na daraja la tatu linamtosha.

Meli ilipitia Kemondo, ikasafiri usiku kucha. Asubuhi ya tarehe 21, ikiwa imekaribia Mwanza, ikapinduka.

Mama alikwenda bandarini na Dada mgongoni. Alikwenda kesho yake tena, na kesho yake. Hakumbuki ni siku gani aliyokutana na mtu mwenye orodha ya abiria, lakini anakumbuka kwamba aliomba asome mwenyewe, kwa kuwa ni mwalimu na haamini macho ya mwingine. Aliisoma mara mbili, kidole kikishuka jina kwa jina. Jina la baba yake halikuwemo.

"Nilicheka," Mama alituambia. "Nilicheka kwa sauti, pale pale mbele ya watu waliofiwa. Nikasema Tata hakupanda. Nikajua amesahau kitu nyumbani, au ameachwa na meli, maana alikuwa mtu wa kuchelewa. Nikamnunulia huyu soda." Akaonyesha kwa kidevu upande wa Dada. "Nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzima, wa kwanza tangu ajali itokee."

Ilikuwa siku iliyofuata ndipo mwalimu mwenzake, kwa upole, alipomweleza kwamba orodha ile ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu hawakuandikwa.

Jikoni hapakuwa na sauti isipokuwa ya friji. Dada alikuwa ameshika kiti kwa nyuma. Mtoto aliingia, akatutazama wote watatu, akatoka.

Usiku ule nilitafuta habari za ajali ile kwa mara ya kwanza kama mtafiti, nikitaka kwa nafsi yangu kuwa Mama amekosea kumbukumbu. Hakukosea. Meli iliyokuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 ilikuwa na orodha ya majina 443 ya daraja la kwanza na la pili peke yake. La tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo, kila inapotajwa idadi ya waliokufa, hutanguliwa na maneno "zaidi ya": zaidi ya watu 800. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na Mama huenda huko kila akifika Mwanza, bila kujua kama baba yake yupo pale au bado yuko majini.

Nilifikiri juu ya yale maneno "zaidi ya". Nimeyatumia mara nyingi kwenye kazi zangu za chuo bila kuwaza. Yanamaanisha kwamba hesabu imefika mahali ikaishiwa na majina. Babu yangu alikuwa upande wa pili wa maneno hayo, na kilichompeleka huko kilikuwa tofauti ya bei kati ya kitanda na benchi.

Lakini nirudi jikoni, kwa sababu Mama hakuwa amemaliza.

"Ile chenji ilimsomesha mjomba wenu muhula mzima," alisema. "Sitasema haikuwa na kazi. Ila tangu siku ile, mtu akiniambia hiki kinanitosha, namwona amesimama dirishani anakata tiketi." Kisha akaivuta kompyuta karibu yake. "Sasa niambie. Huko kwenye hiyo meli yenu wanaandika majina ya watu wote? Hata wa huku chini?"

Nikamweleza kwamba huwezi hata kulipia bila kuandika jina la kila mtu kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa. Wa juu na wa chini. Hata mtoto mchanga.

"Vizuri. Basi tafuta chumba kimoja. Wote wanne."

"Mama, tutabanana."

"Nimefundisha darasa la watoto tisini," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Nilifuta jedwali nikaanza upya, na katika kuanza upya ndipo nilipoona kitu nilichokipita kwa wiki mbili nzima. Melini, kituo ambacho abiria hukusanyika wakati wa dharura hupangwa kwa kufuata chumba. Watu wa ukoo mmoja waliolala vyumba viwili, sitaha ya tisa na ya pili, wanaweza kujikuta wamepangiwa vituo viwili, na boti mbili za uokoaji. Nilikuwa nimeweka safu ya kelele. Hiyo sikuiweka.

Nilikuta pia kwamba kila taratibu ya namna hiyo ina wafu nyuma yake. Titanic ilizama Aprili 1912 ikiwa na boti za uokoaji zisizotosha watu wake, na mwaka 1914 mataifa yakatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba pwani ya Italia, wakafa watu 32. Abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Baada ya hapo ikawa sharti zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka, au mara inapoondoka.

Chumba cha kwanza nilichokipenda kilikuwa na vitanda vinne. Nikaandika jina la Mama, la Dada, la mtoto. Nilipoongeza langu, mfumo ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa. Nikapiga simu, nikaiweka kwenye kipaza sauti huku nikiwa tayari kugombana. Vitanda vinne nimeviona kwa macho yangu kwenye picha, inakuwaje mtu wa nne akose nafasi?

Sauti ya mama mmoja mpole upande wa pili ikanieleza kwamba vitanda vipo, ndiyo, lakini sehemu ile ya meli imeshajaa. Idadi ya watu haihesabiwi kwa vitanda. Inahesabiwa kwa nafasi zilizopo kwenye boti za uokoaji za sehemu hiyo.

Nilikata tamaa, nikapumua kwa hasira. Mama alikuwa nyuma yangu.

"Anasemaje?"

Nikamtafsiria. Kitanda kipo, lakini mtu hawamtaki, kwa sababu boti za upande huo zimetimia.

Mama alikaa kimya kidogo. "Wanayo hela yako tayari?"

"Bado. Wanaikataa."

"Wanaikataa hela," akasema taratibu, kama anayesoma neno geni ubaoni. "Mwambie asante."

"Mama, hatujapata chumba."

"Nimesikia. Mwambie asante. Meli inayokataa mtu, hiyo nitaipanda."

Chumba tulichokipata kilikuwa sitaha ya pili, katikati, upande wa kushoto. Kina dirisha moja lisilofunguka, kitanda kikubwa, na vitanda viwili vya kushusha. Hakina roshani. Nilipopiga hesabu nikakuta kina bei ndogo kuliko mpango wangu wa vyumba viwili, kwa sababu ya lile punguzo la mtu wa tatu na wa nne. Nilikuwa sijaliona hilo, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba zawadi ni kibaraza, na kwamba anayetoa zawadi hana budi kulala chini.

Mama alitaka karatasi. Nilimwambia kila kitu kipo kwenye simu, akasema simu huzimika. Nikachapisha uthibitisho maktabani chuoni, nikamletea. Alivaa miwani, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba (amestaafu, lakini kalamu hakuirudisha) na akashusha kidole jina kwa jina. Kwenye jina lake alisimama. Nilikuwa nimeruka herufi moja. Akaizungushia duara.

"Rekebisha," akasema.

Nikapiga simu nikarekebisha, nikachapisha nyingine. Akaisoma yote tena, akaikunja mara nne, akaiweka katika Biblia yake.

Siku ya safari tuliingia Galveston kabla ya saa sita mchana. Ni mji mdogo wa kisiwani, una mitende na nyumba za mbao zilizopakwa rangi. Njiani Dada alitueleza alichofundishwa na wagonjwa wake wazee: kwamba Septemba 1900 kimbunga kiliingia pale na kuua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 12,000. Mama alirudia namba zile mbili. "Kati yake kuna watu elfu sita," akasema. Halafu akatazama dirishani mpaka tulipofika bandarini.

Hakuogopa ngazi ya kupandia. Hakuogopa lifti. Chumbani aliketi kitandani, akajaribu godoro kwa kiganja, akafungua kabati na kuhesabu majaketi ya kujiokolea. Yalipotimia akalifunga. Mtoto alikuwa ameshachagua kitanda cha darini, na alikuwa akiuliza aiskrimu iko sitaha ya ngapi.

Kabla meli haijaondoka tuliitwa kwenye kituo chetu, wote wanne kituo kimoja. Kijana mwenye sare na kifaa mkononi alisoma kadi zetu, na kila kadi iliposomwa kifaa kililia. Mama alihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kihaya. Kililia mara nne.

Tungeweza kuondoka baada ya hapo. Watu wengi waliondoka. Mama hakuondoka. Vipaza sauti vilikuwa vimeanza kutaja majina ya abiria ambao hawajafika kwenye vituo vyao. Majina ya Kihispania, ya Kiingereza, ya Kivietinamu, mengine yakitamkwa vibaya, moja likirudiwa mara tatu. Mtoto alimvuta mkono. "Bibi, twende."

"Subiri," Mama akasema.

Aliegemea ukuta, mkoba kifuani, akisikiliza kila jina la watu asiowajua. Orodha ilipungua. Yakabaki mawili, likabaki moja. Lile moja likatajwa tena, kisha kukawa kimya, na baada ya muda sakafu ikaanza kutetemeka taratibu chini ya miguu yetu.

"Haya," akamwambia mjukuu wake. "Sasa twende tukale hiyo aiskrimu."